MAMBO YA NYUMBANI: Mavazi ya Mtoto Aliyezaliwa Kabla ya Siku Zake

Watu wengi wa Mombasa hudhani kwamba baridi ni adui wa watu wa bara peke yao. Mtu wa Limuru au wa Kinangop, husema, ndiye mwenye haja ya kufuma sweta. Lakini mtu wa Likoni, wa Kisauni au wa Changamwe, ambaye mwezi wa Machi hulala madirisha wazi huku akijipepea, atafuma ya nini? Neno hili ni la kweli kwa mtu mzima. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake si kweli hata kidogo. Mtoto huyo aweza kupatwa na baridi katika chumba kile kile ambamo mama yake anatoka jasho, na baridi hiyo yaweza kumwua.

Kwa sababu hiyo, juma hili yatazamwe mavazi ya mtoto wa namna hiyo: ni yapi yamfaayo, jinsi ya kuyafuma kwa mkono, na jambo lililo kubwa kuliko yote, yaani mahali pake mavazi hayo pa kuvaliwa. Mahali penyewe ni kifuani pa mama. Afumaye bila kulijua jambo hilo aweza kufanya kazi nzuri ya mikono isiyomfaa mtoto.

MTOTO MWENYEWE NI YUPI

Mimba iliyotimia huwa ya majuma 40 hivi. Mtoto azaliwaye kabla ya majuma 37 kutimia huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati. Wazee wa pwani humwita mtoto wa miezi saba, na katika Tanzania watu humwita njiti. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2020 watoto wa namna hiyo waliozaliwa ulimwenguni walikuwa kiasi cha milioni 13.4, yaani zaidi ya mmoja katika kila watoto kumi. Jambo litokealo mara nyingi namna hiyo haliwezi kuwa aibu ya nyumba moja.

Yafaa neno hili lisemwe wazi, maana mara nyingi mama aliyejifungua mapema hutazamwa kwa jicho la lawama. Huulizwa alibeba nini kizito, alikula nini, au amechukiwa na nani. Madaktari huelezea sababu nyingine: malaria, shinikizo la damu, magonjwa ya kuambukiza, mimba ya mapacha, na mara nyingi sababu haionekani kabisa. Lawama haimwongezei mtoto joto. Imwongezeayo joto ni kazi ya mikono.

KWA NINI HUPOA UPESI

Wanywaji wa kahawa wa Mombasa wanajua jambo moja bila ya kufundishwa. Kahawa iliyomo katika dele hukaa moto muda mrefu, lakini ile iliyomiminwa katika kikombe kidogo hupoa mara. Kitu kidogo hupoteza joto lake upesi kuliko kikubwa. Mtoto wa kilo moja na nusu ni kikombe hicho. Ngozi yake ni kubwa ukiilinganisha na uzito wake, tena ni nyembamba na yapitisha maji. Mafuta ya chini ya ngozi, ambayo mtoto hujiwekea katika majuma ya mwisho ya mimba, hajayapata. Kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake, nacho hakina nywele za kukilinda.

Joto humtoka kwa njia nne. Hutoka kwa maji yakaukayo juu ya ngozi. Ndiyo maana mtoto yapasa afutwe akauke mara tu azaliwapo. Hutoka kwa kugusana na kitu baridi, kama mizani au shuka bichi. Hutoka kwa upepo upitao, ujapokuwa mwanana. Tena hutoka kuelekea ukuta au dirisha lililo baridi lililo karibu naye. Chumba cha nyuzi 24, ambacho mtu mzima hukiona kuwa kizuri, kwake ni cha baridi.

Joto la mwili wa mtoto mchanga yapasa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likipungua, mtoto hutumia nguvu zake zote kujipasha moto, wala hazibaki za kunyonya, za kupumua wala za kukua. Sukari ya damu hushuka, naye huwa mwepesi wa kushikwa na maradhi. Hatetemeki kama mtu mzima, wala pengine halii. Hunyamaza tu, na watu wa nyumbani husifu kwamba mtoto ni mtulivu. Utulivu huo ni wa kuogopwa.

KIFUA CHA MAMA

Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Colombia, daktari mmoja aitwaye Edgar Rey Sanabria aliona shida kubwa katika hospitali ya wazazi. Mashine za kuwatia joto watoto hazikutosha, hata watoto walilazwa zaidi ya mmoja katika mashine moja, wakaambukizana maradhi. Basi akaanzisha jambo lisilohitaji mashine: mtoto awekwe kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, afungwe hapo, anyonyeshwe maziwa ya mama, na mama achukue mahali pa mashine. Malezi haya yakaitwa ya kangaruu, kwa jina la mnyama wa Australia ambaye mwanawe huzaliwa mchanga mno, akakulia katika mfuko wa tumbo la mama yake.

Hapo kwanza wengi walidhani kwamba hii ni njia ya maskini wasio na mashine. Sivyo. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi tano, nazo ni Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto waliozaliwa wakiwa na uzito wa kilo 1 hadi pungufu kidogo ya 1.8. Nusu yao waliwekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, hata kabla hali zao hazijatulia. Wengine walisubiri kwanza kama ilivyokuwa desturi. Vifo vya siku 28 za kwanza vilikuwa pungufu kwa robo nzima kwa wale waliowekwa kifuani mapema. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba watoto wote waliozaliwa kabla ya wakati au wenye uzito mdogo wapewe malezi haya, saa 8 hadi 24 kila siku, kwa kadiri iwezekanavyo.

Mwanamke wa pwani hana haja ya kufundishwa mbeleko. Tofauti ni kwamba hapa mbeleko huwa mbele. Mtoto hukaa wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande mmoja, kidevu kikiinuka kidogo ili pumzi ipite. Leso humfunga imara, na upindo wake wa juu huishia chini ya sikio. Mama hulala amejiinua kwa mito, wala halali kifudifudi.

NI MAVAZI GANI BASI

Msomaji aliyeyafahamu hayo ataona mara moja kosa litokealo mara nyingi. Habari ikifika kwamba fulani amejifungua mapema, ndugu na majirani kwa mapenzi yao huleta sweta nzito ya mikono mirefu, suruali ya sufu, glavu na blanketi. Mtoto huvikwa vyote, akawa kama bunda la pamba, kisha hulazwa kitandani peke yake. Lakini nguo haitengenezi joto. Nguo huhifadhi joto lililopo tu, na mtoto huyu hana joto la kutosha la kuhifadhiwa. Mwenye joto ni mama. Sweta ifungwayo mpaka shingoni huwa ukuta kati ya mtoto na moto wake.

Mavazi yamfaayo mtoto aliye kifuani ni machache: nepi, kofia na soksi. Chumba kikiwa na nyuzi chini ya 22, huongezwa kizibao kisicho na mikono, kilicho wazi mbele, ili kifua na tumbo la mtoto viendelee kugusana na ngozi ya mama. Usiku wa kusi, katika Julai na Agosti, hewa ya Mombasa hushuka hata kukaribia nyuzi 20. Hapo ndipo kizibao kina kazi yake. Wakati wa kaskazi, joto likizidi, kizibao kikae sandukuni.

Wala isidhaniwe kwamba kofia peke yake ni dawa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 kutoka hospitali tatu za Afrika, katika vyumba vya malezi ya kangaruu, ulionyesha kwamba kofia ya sufu haikuwa na madhara, lakini pia haikuongeza chochote cha maana katika kuweka sawa joto la watoto ambao tayari walikuwa wakipata malezi hayo. Maana yake si kwamba watu waache kufuma. Kofia ina kazi saa zile mtoto atolewapo kifuani, apimwapo, abadilishwapo nepi, au awapo safarini. Maana yake ni kwamba kofia ni msaidizi wa kifua, wala si badala yake.

UZI NA SINDANO

Ufumaji si mgeni katika Kenya. Vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, vilifundisha kufuma pamoja na kushona, mapishi na malezi ya watoto. Kwa mwanamke wa Kisauni au wa Mtongwe ambaye hakupata mafunzo hayo, kazi haitakuwa ngumu. Mkono uliozoea kusuka ukili kwa hesabu bila kukosea utahesabu vitanzi pia.

Uchaguliwe uzi laini wa unene wa kati, wa pamba au wa namna ifulikayo kwa urahisi. Uzi wenye manyoya usitumiwe kamwe, maana manyoya huingia puani na kinywani. Jaribio ni rahisi: uzi usuguliwe chini ya kidevu au ndani ya kiwiko, ukiwasha hapo, utamwasha mtoto zaidi. Sindano ziwe za milimita 4. Kabla ya kuanza kifumwe kipande cha kujaribia, na sentimita 10 za upana ziwe na vitanzi 22. Vikizidi, sindano ibadilishwe kwa iliyo nene kidogo. Vikipungua, kwa iliyo nyembamba. Asiyepima hufuma kofia ya mtoto wa mwaka mmoja bila kujua.

Katika maelezo yafuatayo, kitanzi cha uso ni kile kifumwacho uzi ukiwa nyuma ya sindano, na kitanzi cha mgongo ni kile kifumwacho uzi ukiwa mbele.

KOFIA

Mtoto wa majuma 28 ana uzito wa kilo moja hivi, na mzunguko wa kichwa chake ni kiasi cha sentimita 26. Wa majuma 32 hukaribia kilo moja na robo tatu, na kichwa chake sentimita 29 au 30. Aliyetimiza siku zake huwa na sentimita 35 hivi. Kofia huwa ndogo kidogo kuliko kichwa, kwa kuwa hutanuka. Isipobana kidogo itateleza machoni na puani.

Kwa mtoto wa majuma 32, ianzwe kwa vitanzi 56. Zifumwe sentimita 3 za ukingo wa kutanuka, yaani vitanzi viwili vya uso na viwili vya mgongo, mpaka mwisho wa safu, na kila safu ianze vivyo hivyo. Kisha ifumwe safu moja yote ya uso na moja yote ya mgongo, kwa zamu, mpaka kazi ifikie urefu wa sentimita 9 tangu mwanzo. Hapo ndipo kupunguza huanza, katika safu ya uso: vifumwe vitanzi 5, kisha viwili viunganishwe kuwa kimoja, ifanywe hivyo mara nane, na vitanzi vitabaki 48. Safu ifuatayo ni ya mgongo, bila kupunguza. Safu ya uso ifuatayo, vifumwe 4 na viwili viunganishwe, vibaki 40. Iendelee vivyo hivyo, safu moja ya mgongo ikiwa katikati kila mara: vitatu na kuunganisha, vibaki 32, viwili na kuunganisha, vibaki 24, kimoja na kuunganisha, vibaki 16, mwisho viunganishwe viwili viwili, vibaki 8. Uzi ukatwe mrefu, upitishwe katika vitanzi vyote 8, uvutwe sawasawa, na kofia ishonwe ubavuni.

Kwa mtoto wa majuma 28, ianzwe kwa vitanzi 48, ipandishwe mpaka sentimita 8, na kupunguza kuanzie pale pa vitanzi 4. Kibonge kimoja cha gramu 50 chatosha kofia mbili. Mwenye mkono mwepesi humaliza kofia moja kwa jioni moja au mbili.

SOKSI

Soksi ya mtoto huyu haina haja ya kisigino. Vianzwe vitanzi 24, zifumwe sentimita 9 za ukingo wa kutanuka kama ule wa kofia. Kisha viunganishwe viwili viwili, vibaki 12; ifumwe safu moja bila kupunguza; viunganishwe tena, vibaki 6. Uzi upitishwe, uvutwe, ubavu ushonwe. Usitiwe utepe wa kufunga kifundoni, maana ukikaza huzuia damu, na ukilegea huingia kinywani.

KIZIBAO

Kizibao hufumwa kipande kimoja. Vianzwe vitanzi 64, na kila safu iwe ya vitanzi vya uso, ili upindo usijikunje. Kazi ikifikia sentimita 9, igawanywe mara tatu: vitanzi 16 vya mbele upande mmoja, 32 vya mgongoni, na 16 vya mbele upande wa pili. Kila sehemu ifumwe peke yake sentimita 6 zaidi, na penye mgawanyo ndipo pa kupitisha mkono. Katika sehemu za mbele, zikifika sentimita 3, vifungwe vitanzi 7 upande wa shingo, vilivyobaki 9 viendelee mpaka begani. Ya mgongoni ipande moja kwa moja na kufungwa. Kisha vitanzi 9 vya kila bega vishonwe pamoja na 9 vya mwisho wa mgongo. Kisitiwe vifungo wala zipu. Leso ya mama itakishika, tena mwuguzi ataweza kumfikia mtoto kwa mirija na vipimo bila kumvua.

HATARI ZILIZOFICHIKA

Mshono wote ukae upande wa nje, kwa kuwa ngozi ya mtoto huyu huchubuka kwa jambo dogo. Ncha za uzi zifichwe vema, maana uzi mmoja uliolegea waweza kujizungusha katika kidole na kukikata damu bila ya mtu kutambua. Mitindo yenye matundu iachwe, kwa sababu vidole vyembamba hunasa. Visitiwe shanga, riboni wala pini. Nguo mpya ifuliwe kwa sabuni isiyo na manukato makali, isuuzwe mara nyingi, ikauke kabisa kabla ya kuvaliwa. Kofia iliyoloa jasho au maziwa ibadilishwe mara moja. Kofia bichi humpoza mtoto kuliko kukosa kofia.

Joto likizidi pia ni hatari. Mtoto aliyefunikwa kupita kiasi huwa mwekundu, hupumua upesi, na joto lake hupita nyuzi 37.5, hata akadhaniwa ana homa. Atakapokuwa amekua, amerudi nyumbani na kulala kitandani pake, asilazwe na kofia ndani ya nyumba ya joto, isipokuwa kwa shauri la daktari au mwuguzi.

Kipimajoto ndicho shahidi bora. Asiyekuwa nacho aguse tumbo na nyayo za mtoto kwa mkono uliokauka. Vyote vikiwa na joto, ni vema. Nyayo zikiwa baridi na tumbo lina joto, mtoto ameanza kushindwa. Awekwe kifuani upesi. Vyote vikiwa baridi, awekwe kifuani na apelekwe hospitali wakati ule ule. Vivyo hivyo akiacha kunyonya, akilegea, au akipumua kwa shida.

Mambo mawili ya desturi yaangaliwe. La kwanza ni jiko la makaa liwekwalo chumbani mwa mzazi milango ikifungwa. Moshi wa makaa usioonekana huua mama na mtoto pamoja. La pili ni kuogesha mapema. Hata mtoto aliyetimia hashauriwi kuogeshwa kabla ya saa 24, na huyu aliye mdogo hungoja zaidi, mpaka mwuguzi aseme.

KUVUKA

Watu wa bara ya Mombasa wana shida ambayo wa kisiwani hawana. Changamwe kuna hospitali ya Port Reitz, na Likoni kuna hospitali yake, lakini mtoto aliye dhaifu sana huenda akapelekwa hospitali kuu ya Pwani iliyoko kisiwani. Wa Kisauni atapita daraja la Nyali, wa Changamwe atapita Makupa, na wa Likoni atangoja feri. Alfajiri ya kusi, upepo wa mlango wa bahari si upepo wa kuchezewa, na msongamano waweza kuchelewesha safari.

Katika safari hiyo mtoto asibebwe mikononi akiwa amezongwa mablanketi tu. Ikiwa hali yake yaruhusu, avikwe nepi kavu, kofia na soksi, awekwe kifuani ngozi kwa ngozi, afungwe leso, na juu yake liwe buibui au shuka la kukinga upepo, uso wa mtoto ukiachwa wazi. Hivyo asafiri na joto la mama yake tangu gati moja mpaka la pili. Mama akiwa mgonjwa, kifua cha baba, cha bibi au cha shangazi chafaa pia.

KAZI YA BABA

Neno la mwisho ni la waume. Karani wa bandarini au mkulima wa Mtongwe asiseme kwamba ukurasa huu ni wa wanawake. Kifua cha mwanamume kina joto vile vile, na mama hawezi kukaa saa 24 bila kuoga, kula na kulala usingizi mzuri. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 humpa baba aliyeajiriwa likizo ya majuma mawili kwa mshahara kamili mkewe ajifunguapo. Majuma hayo yaweza kutumika kwa kupokea salamu barazani, au kwa kumbeba mtoto kifuani saa chache kila siku wakati mkewe anapumzika. Si aibu. Aliyeona aibu kumbeba mwanawe akiwa wa kilo moja na nusu atajuta akimkosa.

KWA WATAKAOFUMA

Chama cha wanawake au mtu mmoja mmoja atakaye kuwafumia watoto wa hospitali, afanye jambo moja kwanza: aende akamwulize mwuguzi msimamizi wa chumba cha watoto wachanga ni vitu gani vinavyohitajiwa na vya vipimo gani. Huenda atasikia kwamba kofia za kutosha zipo na zinazokosekana ni soksi, au kwamba kofia zote walizoletewa ni kubwa. Vitu vifuliwe, vitiwe katika mfuko safi, na kila mfuko uandikwe kipimo chake. Wengi hufuma vya kipimo kikubwa kwa kuwa hupendeza macho. Mtoto wa majuma 28 ndiye asahauliwaye, naye ndiye mwenye haja zaidi.

Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, kulea huanza kwa kumpa joto lile alilokuwa nalo tumboni, na joto hilo halifumwi kwa sindano. Kazi ya mfumaji ni kukifunika kichwa na miguu yake midogo, na kuliacha tumbo lake wazi kwa mama yake.